Maisha ya Bibi Rachel Carson

Kila muhula gazeti letu hutoa maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha fariki zamani. Tumekwisha kusoma habari za majemadari, wafalme na wavumbuzi wa nchi. Safari hii zamu imenifikia mimi, mwalimu wa biolojia, nami nimemchagua mwanamke ambaye hakupata kushika silaha wala kutawala mtu, na ambaye hakufika hapa Moshi hata siku moja. Nimemchagua kwa sababu ya bomba la kupigia dawa. Toka Rombo mpaka Machame ni vihamba vichache vya kahawa visivyojua bomba hilo, na wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmewahi kulibeba mgongoni, au mmewachotea wazazi wenu maji ya mfongo ili wachanganye dawa.

Bibi Rachel Carson alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907, katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani. Alikuwa kitindamimba wa watoto watatu. Wazazi wake walikuwa na shamba lakini hawakuwa na fedha. Mama yake, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuolewa, alimzungusha mtoto huyo katika mashamba na vichaka akimfundisha majina ya ndege na wadudu. Alipokuwa na umri wa miaka 11, gazeti la watoto liitwalo St. Nicholas likachapa hadithi aliyoitunga mwenyewe. (Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaoona haya kumpelekea mhariri wetu maandishi yao.)

Alipoingia chuo cha wanawake mwaka wa 1925 nia yake ilikuwa kusoma lugha na kuwa mwandishi. Huko akakutana na mwalimu wa biolojia aliyemgeuza moyo, akahama somo. Alimaliza mwaka wa 1929 kwa sifa kubwa, akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, na mwaka wa 1932 akapewa shahada ya pili katika elimu ya wanyama. Alitaka kuendelea mpaka udaktari, lakini siku zile Marekani nzima ilikuwa katika dhiki ya fedha. Baba yake akafariki mwaka wa 1935. Mwaka wa 1937 akafariki dada yake, akaacha binti wawili. Basi mzigo wa mama mzee na wale watoto ukamwangukia yeye, naye alikuwa amekwisha kupata kazi serikalini, katika idara ya samaki, ambako alianza kwa kuandika maneno ya kusomwa katika redio juu ya viumbe vya baharini.

Kitabu chake cha kwanza juu ya bahari kilitoka mwaka wa 1941, vita vikakimeza. Cha pili, kilichotoka mwaka wa 1951, kilimpatia jina na fedha, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali ili aandike tu. Sitakaa sana juu ya vitabu hivyo, ingawa ni vizuri. Bahari iko mbali nasi.

Wakati wa vita vile ulimwengu ulipata dawa mpya za kuua wadudu. DDT ilijulikana nguvu yake mwaka wa 1939 kwa kazi ya Bwana Paul Müller wa Uswisi, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1948, maana dawa ile ilizuia homa ya chawa na malaria kwa maelfu ya watu. Huko Ujerumani, mwaka wa 1936, Bwana Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya wadudu wa mimea, akapata kitu kikali mno hata jeshi la nchi yake likakichukua kiwe gesi ya kuulia watu. Kutokana na elimu ileile zikatokea dawa nyingi za mashamba ziitwazo oganofosfati. Kwa hiyo baadhi ya dawa zilizotumika kupiga wadudu wa kahawa, na gesi ile ya vita, ni ndugu wa ukoo mmoja, ijapokuwa nguvu zao hazilingani.

Bibi Carson alianza kuwa na mashaka mapema. Mwaka wa 1945 alilitaka jarida moja kubwa limpe nafasi ya kuandika juu ya DDT, likakataa. Miaka 13 ikapita. Mwezi wa Januari, 1958, mwanamke mmoja wa Massachusetts aliandika kulalamika kwamba ndege za kuulia mbu zilipopita juu ya nyumba yake, ndege wa angani walikutwa wamekufa uani. Barua hiyo ikamfikia Bibi Carson, akaona sasa hana budi. Akaanza kukusanya habari kwa madaktari, kwa wakulima, na kwa wataalamu wa serikali waliokuwa wakizungumza naye kwa siri. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka minne.

Katika miaka hiyo nyumba yake haikukosa msiba. Mmoja wa wale binti wa dada yake alikuwa amefariki mwaka wa 1957, akaacha mvulana wa miaka mitano, na Bibi Carson akamchukua kuwa mwanawe. Kwa hesabu ya ukoo wetu mtoto huyo ni mjukuu wake. Mwaka wa 1958, mwezi wa Desemba, mama yake akafariki. Mwaka wa 1960 madaktari wakamkuta na saratani ya titi. Hakuutangaza ugonjwa huo, kwa kuwa alijua wapinzani wake wangesema ameandika kwa uchungu wa maradhi yake. Alivaa nywele za bandia mbele ya watu, akaendelea kuandika.

Kitabu kilitoka tarehe 27 Septemba, 1962, kwa jina la Silent Spring. Jina hilo ni gumu kulieleza huku kwetu, maana hatuna majira yale ambapo miti iliyopukutika kwa baridi huchipua tena na ndege hurudi kuimba. Fikirini masika yamekwisha, migomba imenawiri, nanyi mwaamka alfajiri msisikie ndege hata mmoja. Alikitunukia Dakta Albert Schweitzer, aliyekuwa akitibu wagonjwa huko Gabon. Watu wengi wanaokitaja kitabu hiki hukumbuka ndege tu. Mimi nataka niwaonyeshe kurasa zake nyingine, zile zinazohusu ubongo na urithi.

Mishipa yetu ya fahamu ni mfano wa nyaya za simu, lakini nyaya hizi hazigusani. Kati ya mshipa na mshipa, au kati ya mshipa na msuli, pana upenyo mwembamba, na habari huuvuka kwa mjumbe wa kemikali. Mmoja wa wajumbe hao huitwa asetilikolini. Akiisha kufikisha habari yapasa aondolewe mara moja, ama sivyo ataendelea kubisha hodi na mlango umekwisha funguliwa. Mwenye kazi ya kumwondoa ni kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Sasa, dawa za oganofosfati hukishika kimeng'enya hiki na kukifunga, wajumbe wakajaa upenyoni, na misuli na tezi zikapokea amri bila kikomo. Bibi Carson aliyaeleza hayo kwa lugha ambayo mama wa nyumbani aliweza kuifuata.

Sisi wa mlimani tunayo habari hiyo kwa jina jingine. Kule kwetu Kibosho husemwa kwamba fulani amelewa dawa. Nimemwona mtu wa namna hiyo, jirani aliyepiga dawa kutwa nzima bila kinga, na bomba lake likivuja mgongoni. Jioni machozi na mate yalikuwa yakimtoka kama mtoto anayeota meno, jasho jingi, tumbo likimsokota, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, na misuli ya mikono ikichezacheza. Wazee walitaka kumpa maziwa alale. Wazazi wetu mniwie radhi: maziwa hayakifungui kimeng'enya kilichofungwa. Mtu huyo huvuliwa nguo, huoshwa kwa sabuni na maji mengi, na kukimbizwa hospitali pamoja na jina la dawa, kwa kuwa huko wanayo atropini, ambayo humzuia yule mjumbe asiendelee kusikilizwa. Jirani yangu alipelekwa usiku ule ule, akapona.

Je, wakulima wetu wote wamo katika hatari hiyo? Mwaka wa 2001 yalichapishwa matokeo ya wataalamu waliopima kimeng'enya hiki katika damu ya wakulima wadogo wa kahawa wa Tanzania, wakati wa kupiga dawa na wakati mwingine. Hawakuona tofauti kubwa. Ni habari njema, na sipendi kuificha ili hadithi yangu ipendeze. Ila kipimo hicho cha damu hueleza majuma ya karibuni tu, na hueleza habari za mtu mzima. Hakisemi neno juu ya mtoto aliye tumboni. Huko New York wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia walipima damu ya kitovu ya watoto wachanga, wakitafuta oganofosfati iitwayo klorpirifosi, ambayo imetumika pia katika kahawa. Mama za watoto hao hawakuwa wakulima. Dawa ile ilitumiwa kuua mende majumbani. Mwaka wa 2011 walitoa habari kwamba watoto waliozaliwa na kiasi kikubwa zaidi, walipotimiza miaka saba, walikuwa nyuma kidogo katika kushika mambo kichwani. Na mwaka wa 2012 wakaonyesha kwa picha kwamba hata umbo la sehemu fulani za ubongo wao lilikuwa na tofauti.

Kuna dawa nyingine aliyoiandika Bibi Carson ambayo ilifika karibu nasi sana. Nayo ni dieldrini. Kati ya mwaka wa 1954 na 1959, katika nchi ya Taveta upande wa Kenya na Upare upande wa Tanganyika, palifanyika kazi kubwa ya kupigana na malaria, na kuta za ndani za nyumba zilinyunyiziwa dieldrini kwa zamu. Mbu wakapungua sana, na vifo vya watoto wadogo vikapungua. Jambo hilo lazima lisemwe kwa sauti ileile tunayosemea madhara. Mtu aliyezaliwa Taveta mwaka wa 1957 huenda yu hai kwa sababu ya dawa ile.

Lakini dieldrini nayo ina njia yake ya ubongoni. Huko kuna wajumbe wanaochochea na wajumbe wanaotuliza. Mtulizaji mkuu huitwa GABA. Dieldrini huziba mlango ambao GABA huutumia, na ubongo uliokosa mtulizaji hupatwa na kifafa. Katika miaka ya 1950, katika nchi mbalimbali, wanyunyizaji wa dawa hii waliokosa kinga walianguka kifafa, wengine siku kadhaa baada ya kuacha kazi, kwa maana dieldrini haioshwi na mkojo upesi. Hujificha katika mafuta ya mwili. Tena mwaka wa 1955 huko kaskazini mwa Nigeria walipatikana mbu wasiosikia dieldrini kabisa. Bibi Carson aliona yote mawili. Hakusema dawa zote zitupwe. Alisema zimekabidhiwa watu wasiojua nguvu zake, na kwamba tukizimwaga ovyo wadudu watazizoea, na siku tutakapozihitaji kwa malaria hazitatufaa. Wako wanaomsingizia kwamba aliwaua watoto wa Afrika kwa kuzuia dawa. Watu hao watazame tarehe: ile kazi ya Taveta na Upare ilifungwa miaka mitatu kabla kitabu chake hakijatoka.

Sasa nije kwenye urithi, ambapo alitazama mbali kuliko wakati wake. Umbo la DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, lilikuwa limejulikana miaka tisa tu, tangu 1953. Ilijulikana kwamba mionzi ya bomu la atomiki huweza kuyavunja maandishi hayo. Bibi Carson akauliza kama kemikali nazo haziwezi kufanya hivyo, akakusanya ushahidi uliokuwako. Yeye aliogopa kitabu cha urithi kuchanika. Hakuishi kuona jambo la pili, kwamba kitabu chaweza kubaki kizima na bado kikasomwa vibaya.

Maana yake ni hii. Chembe ya ini na chembe ya ubongo zina kitabu kimoja, herufi kwa herufi. Zinatofautiana kwa sababu kila moja husoma kurasa zake na kuzifunga nyingine. Mojawapo ya njia za kufunga ni kubandika alama ndogo ya kemikali juu ya DNA yenyewe, na jambo hili lilianza kueleweka katika miaka ya 1970. Alama nyingi huwekwa mtoto akiwa tumboni. Sumu ikiingia wakati ule, alama zaweza kuwekwa mahali pasipo pake, nazo zikakaa hata baada ya sumu yenyewe kwisha.

Mwaka wa 2019 wataalamu wa Marekani walitoa habari za panya jike waliolishwa dieldrini kidogo kidogo kabla ya mimba, wakati wa mimba na wakati wa kunyonyesha. Watoto wao walipokuwa wakubwa, walitazamwa sehemu ya ubongo inayotengeneza mjumbe aitwaye dopamini, ambaye ndiye anayepungua kwa mgonjwa wa Parkinson, yule atetemekaye mikono uzeeni. Alama zilikuwa zimebadilika katika jeni za sehemu hiyo, na za madume hazikubadilika sawa na za majike. Kazi ya mwaka wa 2006 ilikwisha kuonyesha kwamba panya dume wa namna hiyo, wakipewa sumu nyingine ya ubongo, huumia kuliko wenzao. Panya si watu, na sijui mtu ye yote aliyewapima watoto wa Taveta na Upare kwa jambo hili. Tena zipo habari ambazo bado zina ubishi: mwaka wa 2005 ilitangazwa kwamba dawa moja ya ukungu wa mizabibu, aliyopewa panya mwenye mimba, ilionekana madhara yake mpaka kwa vitukuu, lakini wengine waliorudia kazi hiyo hawakupata yale yale. Mwanafunzi wa sayansi ajifunze kuyaweka mambo haya kila moja katika kapu lake.

Turudi mwaka wa 1962. Kampuni za kemikali zilimshambulia Bibi Carson kwa nguvu. Moja ilitishia kuwashtaki waliochapa kitabu. Wengine walimcheka kwamba ni mwanamke asiyeolewa, mambo ya urithi yanamhusu nini, hoja ambayo hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza angeona haya kuitoa katika mdahalo. Rais Kennedy akawaagiza washauri wake wa sayansi wachunguze, na mwezi wa Mei, 1963, taarifa yao ikaunga mkono sehemu kubwa ya maneno yake. Mwezi wa Juni akaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya baraza la Seneti. Wakati huo saratani ilikuwa imefika mifupani na kutembea kulikuwa taabu. Alifariki tarehe 14 Aprili, 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Sehemu ya majivu yake ilizikwa karibu na mama yake, na sehemu rafiki yake aliimwaga ukingoni mwa bahari huko Maine. Yule mvulana aliyemlea alikuwa na miaka 12.

Marekani ilizuia DDT katika mashamba mwaka wa 1972. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kufanya kazi 2004, uliiweka dieldrini miongoni mwa sumu kumi na mbili za kwanza kukomeshwa, na DDT ikaruhusiwa kwa kupigana na wadudu waletao maradhi tu. Mwezi wa Mei, 2025, mataifa yaliyo katika mkataba huo yalikubali kuiongeza klorpirifosi, ingawa kwa ruhusa maalumu kwa matumizi fulani kwa muda. Huko Lyamungu, hapa kwetu, wataalamu wa kahawa wametoa miche inayohimili chule buni na kutu ya majani, na mkulima aliyeipanda hapigi tena dawa za ukungu kama babu yake alivyopiga mrututu. Wadudu hata hivyo wangaliko.

Baada ya likizo darasa langu la Kidato cha Tano litatengeneza orodha ya dawa zinazotumika katika vihamba vya wazazi wetu. Majina ya biashara hayatusaidii, kwa kuwa dawa moja huuzwa kwa majina mengi. Tunalotaka ni jina la kemikali, lile lililochapwa kwa herufi ndogo chini yake, pamoja na rangi ya mstari ulio chini ya karatasi ya chupa. Mwanafunzi alinakili katika daftari lake na kunawa mikono. Chupa yenyewe, hata ikiwa tupu, asiilete shuleni, wala isitiwe mafuta ya taa.